Anza na Tundu la Moshi: Mahali pa Kufunga Hita ya Dizeli Kwenye Boti ya Tanga

Mwezi wa Aprili kule Oban, magharibi mwa Scotland, maji ya bahari huwa na nyuzi 8 hivi. Boti ya faiba iliyofungwa hapo huwa na baridi hiyo hiyo chini ya mstari wa maji, kwa sababu ubavu wake ni mwembamba na upande wa pili ni bahari. Watu wawili wakipika chai ndani, wakaanika makoti ya mvua, wakalala, ikifika usiku wa manane dari linatoka jasho na matone yanaanza kuwadondokea usoni. Mwenzangu wa Lamu au Tanga, ambaye shida yake chomboni ni kivuli, atashangaa hita inatafutiwa nini baharini. Lakini wapo Waswahili waliohamia Ulaya ya kaskazini wakanunua boti kuukuu ya futi 28 au 30, wengine kwa kutembea wikiendi, wengine kwa kuishi humo humo baada ya kodi ya nyumba kuwashinda. Makala haya ni yao.

Hita inayofungwa na wengi ni ile ya kupuliza hewa ya moto. Majina makubwa ni Webasto na Eberspächer, yote ya Ujerumani, na siku hizi kuna nyingi za Kichina zinazofuata muundo huo huo kwa bei ya chini sana. Ndani yake kuna chemba ndogo ya kuchomea. Pampu inadunda dizeli tone kwa tone, hitaplagi inaiwasha, na mota moja inazungusha mapanga mawili: panga moja linaleta hewa ya kuchomea, la pili linapitisha hewa ya kabini nje ya chemba ili ipate joto bila kugusana na moshi. Kwa hiyo hita ina midomo minne: hewa ya kuchomea inaingia, moshi unatoka, hewa ya kabini inaingia, hewa ya moto inatoka. Ongeza mpira wa mafuta na nyaya za umeme.

Karibu kila mtu huanza kwa kutafuta nafasi inayotosha kifaa. Nafasi haisumbui. Hita ya kilowati 2 ina urefu wa sentimita 31 hivi, na upana na kimo vya sentimita 12, na boti haikosi pembe ya ukubwa huo. Linalosumbua ni bomba la moshi. Mabomba ya hewa ya joto unaweza kuyapitisha chini ya vitanda, nyaya unaweza kuziongeza unene, mpira wa mafuta unaweza kuurefusha kidogo. Ekzosi haina ujanja huo. Inataka njia fupi, iliyo mbali na watu, mbali na mbao, na inayotokea mahali ambapo bahari haiwezi kuingia. Tafuta kwanza tundu la moshi litatokea wapi kwenye ubavu wa boti, kisha rudi ndani ukaiweke hita karibu nalo.

Sasa tundu lenyewe. Boti ya injini hukaa wima, ya tanga hulala. Fanya hesabu ndogo: boti ambayo nusu ya upana wake sehemu ya nyuma ni mita 1.2, ikilala nyuzi 25, ubavu wa demani unashuka kama nusu mita. Maana yake tundu ulilotoboa ubavuni sentimita 50 juu ya maji, ukiridhika kwamba liko juu, litakuwa linanywa bahari kila mawimbi yakipanda. Ndiyo sababu mimi napenda shetri kuliko ubavu. Kadiri tundu linavyokaribia katikati ya shetri, ndivyo ulalaji wa boti unavyolisumbua kidogo. Pale katikati mara nyingi kuna usukani au ngazi ya kupandia, basi sogea kando kiasi cha kuvikwepa, na panda juu kadiri sitaha inavyokuruhusu.

Shetri ina faida nyingine. Boti iliyotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, kwa hiyo moshi unaotokea nyuma unachukuliwa na upepo na kwenda zake. Ila usijidanganye kwamba ndiyo yamekwisha. Gatini boti haichagui upepo, na ukivuma kutoka nyuma moshi unarudi sehemu ya kukaa wasafiri na kuingia mlangoni. Wenye hema la turubai juu ya sehemu hiyo wawe waangalifu zaidi, kwa sababu hema linakusanya moshi kama chungu kilichofunikwa. Hema likifungwa kwa nyuma, hakikisha tundu liko nje na chini ya pindo lake.

Kama shetri ya boti yako imekatwa mshazari na watu hupandia hapo wakitoka kuogelea, usiweke tundu mahali pa kuchomea miguu ya wageni. Hapo tumia ubavu, nyuma kabisa na karibu na ukingo wa sitaha. Kisha chagua upande. Propela inayozunguka kulia huvuta shetri kushoto unaporudi nyuma, na ndiyo sababu manahodha wengi wenye propela ya namna hiyo hupenda kufunga gatini kwa ubavu wa kushoto. Kwa boti hizo tundu likae kulia, vinginevyo utaunguza dafrao zako mwenyewe na kumpulizia moshi jirani akiwa mezani anakula. Popote utakapochagua, pima pia umbali kutoka madirisha, vifuniko vya sitaha na matundu ya kuingiza hewa. Moshi hufuata njia ya hewa, na dirisha dogo la choo lililoachwa wazi linatosha.

Kabla ya kushika drili, bandika kipande cha mkanda wa gundi pale unapotaka kutoboa, uende baharini siku yenye upepo wa kutosha. Mtu mmoja aangalie mkanda wakati boti imelala upande huo na wakati mawimbi yanakuja kwa nyuma. Ukizama hata mara moja moja, panda juu zaidi. Mkanda haugharimu kitu. Tundu lililotobolewa pasipofaa litazibwa kwa faiba na msasa, na rangi yake haitafanana tena na ubavu.

Ndani ya boti, bomba lisitoke kwenye hita na kwenda moja kwa moja tunduni. Lipande kwanza mpaka karibu na sitaha, ndipo lishuke kuelekea nje, ili wimbi litakaloingia likutane na mlima. Mteremko huo wa mwisho uelekee nje pia kwa sababu moshi wa dizeli una maji ndani yake, na yakipoa yanataka pa kutokea. Maji yatakayokusanyika upande wa hita yawekewe kizibo cha kukamulia, nacho kiwe cha kufunga kabisa kisichopitisha gesi. Kiungo cha ukutani kiwe kile cha kuta mbili kilichotengenezwa kwa ajili ya boti. Bomba la moshi hupata joto la mamia ya nyuzi, ilhali resini ya kawaida ya poliesta huanza kulainika kabla ya nyuzi 100. Kiungo cha gari kilichopachikwa kwenye faiba kitaiunguza taratibu mpaka kianze kucheza, na mwanya ukishapatikana maji yanafuata.

Kuhusu sailensa, kuna jambo ambalo wauzaji wa mtandaoni hawalisemi. Sailensa nyingi zinazokuja ndani ya boksi la hita ni za gari, ambako ekzosi hukaa chini ya chasisi, nje. Nyingine zina kitundu cha kutolea maji, nyingine mishono yake inapitisha moshi. Kwenye gari si neno. Kwenye stoo ya boti, kitundu hicho kinatoa kaboni monoksidi ukutani mwa chumba chako cha kulala. Nunua sailensa ya boti iliyofungwa mishono yote, au uache kuifunga kabisa uvumilie kelele.

Sasa rudi ndani. Kwenye boti nyingi za futi 30, jibu langu ni stoo iliyo chini ya kiti cha sehemu ya kukaa wasafiri, au stoo ya shetri yenyewe, hita ikiwa imefungwa juu kwenye ukuta imara. Juu, kwa sababu stoo hizo huingia maji, na ubongo wa hita uko ndani ya kifaa chenyewe. Tengeneza boksi la karatasi ngumu lenye vipimo vya hita yako, lishike pale unapopataka, kisha jaribu kulitoa ukiwa umejikunja ndani ya stoo na taa mdomoni. Kama boksi halitoki bila kung'oa kitu kingine, hita pia haitatoka, na siku itakayohitaji hitaplagi mpya au kukwanguliwa masizi utamlipa fundi saa za kuhamisha vitu tu. Soma pia kijitabu kuona inaruhusiwa kulala vipi, maana kila aina ina upande ambao haitaki kufungwa.

Stoo ya nyuma ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza usukani. Kwenye boti zenye gurudumu, nyaya za usukani na mkono wake hupita humo humo. Zungusha usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto ukiwa umeangalia kila bomba ulilopitisha, kwa sababu bomba litakalonaswa halitangoja siku ya utulivu. Pili, stoo ni stoo: kamba, dafrao, matanga na ndoo vitatupwa humo kwa haraka mvua ikinyesha. Ekzosi ifungwe bandeji ya kuzuia joto, na mbele yake ujenge kizuizi cha plaiwudi au cha bati lenye matundu, kisiguse bomba. Bandeji peke yake haitoshi kuzuia kamba ya nailoni isiyeyuke.

Hapa ndipo nataka msomaji atulie. Mdomo wa kuingiza hewa ya kabini usiuache wazi ndani ya stoo hiyo. Mafundi wengi huuacha, kwa sababu ni rahisi na hewa ya stoo ni kavu kuliko ya ndani. Lakini siku kiungo cha ekzosi kitakapolegea, moshi utajaa stoo, na panga la hita litauvuta na kuupuliza kwa bidii, ukiwa na joto zuri, mpaka kwenye mto wako wa kulalia. Hita yenyewe inakuwa ndiyo inayokuletea sumu. Unganisha bomba kwenye mdomo huo, ulipeleke ama nje kwenye tundu la hewa lililo mbali na moshi, ama ndani ya kabini. Ukivuta hewa ya nje, kabini inakauka vizuri lakini inachelewa kupata joto na dizeli inakwenda zaidi. Ukizungusha hewa ya ndani, joto linapatikana upesi na unyevu unabaki. Kwa anayeishi ndani ya boti wakati wa baridi ningechagua hewa ya nje. Kwa wa wikiendi, hewa ya ndani inatosha, akiacha kifuniko kimoja wazi kidogo.

Hewa ya kuchomea nayo ina bomba lake, na isitoke kabini. Itoke nje au kwenye stoo yenye matundu ya kutosha ya hewa, mbali na mahali moshi unapotokea ili hita isivute moshi wake yenyewe.

Desemba 2019, watu wawili walifariki ndani ya boti ya injini iliyokuwa imefungwa kwenye Mto Ouse mjini York, Uingereza. Wachunguzi wa ajali za majini wa nchi hiyo walikuta kwamba moshi wa hita ya dizeli ulikuwa ukivujia ndani kutoka kwenye ekzosi yake, na boti haikuwa na king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu, na aliyelala haamki. Nunua king'ora chenye alama EN 50291-2, ambayo ndiyo ya boti na magari ya kulala (karavani), na uweke kimoja kila sehemu wanapolala watu. Usifikirie king'ora kinasamehe ufungaji mbovu. Mwanzo wa kila msimu fungua bandeji ya ekzosi uangalie bomba kwa macho, kwa sababu ufa hujificha chini yake.

Sehemu nyingine zinazopendekezwa nitazipitia kwa haraka. Chumba cha injini sikipendi: kina joto, kina mafuta, na ukitaka kuihudumia hita unafanya kazi juu ya injini. Kama injini ni ya petroli, usijaribu hata kidogo. Stoo ya mitungi ya gesi nayo haiguswi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hukaa chini na kungoja cheche. Chini ya kiti cha sebuleni hita itakuwa karibu na wanaotaka joto, ila ekzosi itapita katikati ya makazi na kelele itakuwa chini ya mto wa kukalia. Kitanda cha pembeni kilicho chini ya sehemu ya kukaa kinaweza kufaa, kwa sharti kwamba ekzosi itoboe ukuta mara moja na kuingia stoo ya nyuma, isitambae pembeni ya godoro.

Ukishapata mahali, mengine yanajipanga. Hita ya kilowati 2 hutumia bomba la hewa la milimita 60, ya kilowati 4 la milimita 75 au 90. Kutoka stoo ya nyuma hadi sebuleni ni mita chache, na kila kona kali inakula upepo. Pindisha kwa mzingo mpana, uvishe bomba koti la kuzuia joto hasa linapopita kwenye stoo baridi, na mdomo wa kwanza mkubwa uutolee chini karibu na sakafu ya sebule, maana joto litapanda lenyewe. Tawi jembamba lipeleke chooni pale mnapotundika makoti. Chumba cha mbele kitapata mabaki, usikipigie hesabu. Na mdomo mmoja angalau usiwe na kifuniko, kwa sababu mtu akifunga yote hita itachemka na kujizima.

Usinunue kubwa kuliko haja. Boti ya futi 30 yenye hita kubwa hupata joto upesi, kisha hita inashusha moto na kuchoma nusunusu usiku kucha, na masizi yanajaa chemba. Kilowati 2 za kweli zinatosha. Namba 5 iliyoandikwa kwenye boksi la bei rahisi ichukulie kama salamu ya muuzaji.

Dizeli itolewe tangini kwa mrija wake peke yake, usichangie njia ya injini. Mpira uwe mgumu na mwembamba kama kijitabu kinavyotaka, viungo vigusane ncha kwa ncha pasipo mwanya wa kukusanya mapovu, na pampu ilazwe mshazari ikitazama juu upande wa kutokea mafuta. Pampu hiyo hugonga tik-tik-tik bila kuchoka, basi isifungwe kwenye ukuta wa kitanda, na iwekewe mpira chini yake. Hita ya kilowati 2 hula kati ya lita 0.1 na robo lita kwa saa. Kwa walio Uingereza, wakati wa kununua dizeli nyekundu gatini utaulizwa sehemu gani ni ya kuendeshea boti na sehemu gani ya joto, kwa sababu kodi yake si moja.

Umeme unaotumika moto ukishakolea ni kidogo, ampea 1 hadi 3. Shida iko kwenye kuwasha, hitaplagi inapovuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika mbili tatu. Stoo ya nyuma ikiwa mbali na betri na waya ukiwa mwembamba, volti inashuka njiani, hita inakataa kuwaka, na mwenye boti anailaumu hita. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri.

Wapo wasiotaka umeme wala feni. Kwao kuna majiko ya matone, kama Refleks ya Denmark na Dickinson ya Kanada, yanayokaa kwenye ukuta wa sebule na bomba lao kutoboa sitaha. Ni kimya na yana uzuri wake. Yafungwe karibu na mstari wa katikati wa boti, na bomba lisiwe chini ya tanga wala njiani mwa kamba. Ila huwa mazuri zaidi boti ikiwa imetulia kuliko ikiwa safarini.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, fungua milango yote. Rangi na mafuta ya kiwandani yatanuka na kutoa moshi kidogo. Subiri bomba lipate moto kamili, kisha pitisha kipima kaboni monoksidi cha kushika mkononi kwenye kila kiungo cha ekzosi, polepole, na ndani ya stoo ikiwa imefungwa. Baadaye zima hita kwa swichi yake yenyewe na uiache feni izunguke mpaka isimame. Ukikata umeme kwenye swichi kuu wakati chemba bado ina moto, joto linabaki ndani na kuharibu vifaa. Andika onyo hilo kwenye karatasi ya plastiki, ulibandike kando ya swichi kuu ya betri, kwa kila lugha inayozungumzwa na wanaolala humo.